Hela ya kuanzia: unapomlipa fundi kabla ya kazi, unalipia nini hasa?

Fundi akishamaliza kugongagonga kuta za bafu, akapima sakafu kwa futi, akachungulia bomba linalovuja nyuma ya sinki na kutikisa kichwa, kinachofuata kinajulikana. Anataja bei, mnavutana kidogo, mnakubaliana. Kisha anasema: "Sasa mama, nipe hela ya kuanzia." Ukimuuliza kiasi gani, mara nyingi jibu ni nusu. Wengine wanataka asilimia 70, na wengine wanataka "ya vifaa yote, halafu ya ufundi kidogo."

Wapo wanaotoa yote kwa sababu fundi kaletwa na mtu wanayemwamini. Wiki mbili baadaye wanaogea uani kwa ndoo na simu ya fundi haipatikani. Wapo pia waliokwisha kuumia, ambao sasa hawatoi hata senti kabla ya kuona kazi. Hao hukimbiwa na mafundi wazuri, wakabaki na yule asiyegombewa na mtu. Pande zote mbili zina hoja, ila ubishi huishia kwenye asilimia: nusu au theluthi? Asilimia hiyo haina maana mpaka ujue hela inakwenda wapi, na ikishatoka mkononi mwako wewe umebaki umeshika nini.

Ndani ya advansi kuna nini

Kinachoombwa kama kiasi kimoja ni fedha za kazi tofauti zilizochanganywa. Kuna ya vifaa: simenti, mchanga, bomba, marumaru, gundi, rangi. Kuna ya kuhamia saiti, yaani kukodi kirikuu ya kubeba vyombo vya kazi, mashine ya kukatia marumaru, pengine mbao na mirunda ya jukwaa. Kuna posho ya vibarua. Saidia fundi hulipwa kila jioni na hawezi kuambiwa asubiri hadi kazi iishe, maana ana watoto wanaosubiri unga siku hiyohiyo. Na kuna ya uhakika: fundi anaahirisha kazi nyingine kwa ajili yako na anataka kujua kwamba kesho hutamwambia umebadili mawazo.

Hizo nne ni halali na fundi anaweza kuzitaja mbele yako moja moja. Ya tano haitajwi, nayo ndiyo inayoangusha watu wengi: deni la saiti iliyopita.

Mambo huenda hivi. Fundi ameshika kazi Kimara, Dar es Salaam, na ili aipate alishusha bei. Kazi ikiwa nusu, hela imekwisha, labda kwa sababu alikadiria vibaya au kwa sababu mteja wa Kimara anazungusha malipo. Anapata kazi Tabata. Advansi ya Tabata inanunua gundi na kulipa posho ya kumalizia Kimara. Ili Tabata iishe, itabidi ipatikane kazi Mbezi. Mtu huyu hakupanga kumwibia yeyote, na maadamu kazi mpya zinakuja, kila mteja hatimaye anapata nyumba yake, kwa kuchelewa na kwa simu nyingi za kugombana. Siku kazi mpya ikikosekana, mteja wa mwisho kwenye mnyororo ndiye anayebeba hasara ya wote waliomtangulia.

Ndiyo maana naamini kwamba wengi wanaolalamika kuwa wametapeliwa hawakukutana na tapeli. Wamekutana na fundi aliyezidiwa na madeni, anayejua kazi na ana nia njema, lakini hana akiba ya shilingi laki moja. Kwa mteja hasara ni ileile, ila kinga yake ni tofauti. Tapeli utamgundua kwa kuuliza alikofanya kazi zamani. Huyu wa pili kila aliyemaliziwa kazi atamsifu. Umuulize ana saiti ngapi sasa hivi, kila moja imefikia wapi, kisha uombe kuiona inayoendelea. Picha za kazi zilizokwisha hazitakwambia lolote kuhusu mwenendo wake wa fedha. Saiti iliyosimama wiki tatu, marumaru zimepangwa nusu ukuta na hakuna mtu, itakwambia yote.

Haki inataka tutazame na upande wake. Wapo wateja wanaokaa kwenye nyumba iliyopigwa rangi mpya huku wakimwambia fundi "njoo mwisho wa mwezi" kwa miezi minne. Fundi hawezi kubandua marumaru akaenda nazo, na lipu ikishakauka ukutani ni mali ya mwenye nyumba. Anayefanya kazi bila kuchukua chochote mwanzoni anamkopesha mteja, na anayelipwa yote mwanzoni amekopeshwa na mteja. Kwa vyovyote kuna anayekopesha, bila riba wala dhamana. Kinachowezekana ni kuufanya mkopo huo uwe mdogo na wa siku chache, upande wowote utakaokuwa.

Ukarabati una hatari yake ya peke yake

Watu wengi wanachukua mazoea ya kujenga nyumba mpya na kuyaleta kwenye ukarabati. Kwenye kiwanja kitupu, fundi akikimbia baada ya kozi sita za tofali, una kozi sita za tofali. Umepoteza muda na hela, lakini kilichosimama ni chako na fundi mwingine ataendelea juu yake.

Kwenye ukarabati, kazi ya kwanza ni kubomoa. Siku ya kwanza fundi anang'oa choo, anabandua marumaru za zamani, anachimbua ukuta kufuata bomba. Akiwa anabadilisha paa, anafumua bati huku mawingu ya masika yakimwangalia. Siku ya tatu nyumba yako ina thamani ndogo kuliko ilivyokuwa kabla hujatoa shilingi. Familia haina pa kuoga, wapangaji wananung'unika, vumbi limeingia hadi kwenye vyungu. Na huo ndio wakati ambao fundi anashika hela nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Akisema sasa "mama, simenti imepanda, ongeza laki tatu," utaongeza, kwa sababu huna namna.

Nguvu yako ya kujadiliana ni kubwa kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, inashuka hadi chini kabisa kazi ikiwa katikati, na hairudi ila kama kuna fedha ya maana ambayo hujatoa. Hapo ndipo utaratibu wa malipo unapopata umuhimu, kupita hata bei yenyewe.

Tuhesabu bafu moja

Tuseme bafu la familia linakarabatiwa lote: bomba mpya, sakafu mpya isiyopitisha maji, marumaru sakafuni na ukutani, choo na sinki. Mmekubaliana shilingi 4,800,000. Ukimwomba fundi achanganue, inakuwa 3,100,000 ya vifaa na 1,700,000 ya ufundi. Hizi ni tarakimu za mfano. Bei za mtaani kwako zitakuwa nyingine, lakini mwenendo ni huohuo.

Fundi anaomba asilimia 70, yaani 3,360,000, nawe unatoa. Siku ya nne bafu limebomolewa na kifusi kimeondolewa, kazi ambayo ungewaita vibarua wangeifanya kwa 250,000. Pembeni kuna simenti, mchanga na bomba za 310,000. Unachokiona kwa macho kina thamani ya 560,000. Fundi anashika 2,800,000 za kwako ambazo bado hazijawa kitu chochote. Akitoweka leo, kazi iliyobaki ina thamani ya 4,240,000 na mkononi una 1,440,000. Pengo ni hizo 2,800,000, kabla hata fundi wa pili hajakwambia kwamba hapendi kumalizia kazi ya mtu na bei yake iko juu.

Sasa chukua bafu hilohilo, fundi huyohuyo, ila vifaa unalipia wewe dukani kwa awamu na ufundi unaulipa kwa hatua. Kuanza: 250,000, itakayotosha usafiri, posho ya saidia fundi kwa juma la kwanza na chakula. Bomba zikishapita na kupimwa: 350,000. Sakafu ikishazuiwa maji na kujaribiwa: 300,000. Marumaru zikishapangwa zote na kuzibwa nafasi zake: 500,000. Zinabaki 300,000, ambapo 200,000 inatolewa siku ya makabidhiano na 100,000 baada ya mwezi mmoja wa kulitumia bafu. Jumla ni 1,700,000 ileile. Siku ya nne ya mpango huu umetoa 310,000 dukani na 250,000 kwa fundi, na kilichopo kina thamani ya 560,000. Hakuna anayemdai mwenzake.

Jimbo la California nchini Marekani limeliweka wazo hili kwenye sheria. Mkandarasi wa kukarabati nyumba haruhusiwi kuchukua mwanzoni zaidi ya asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, isipokuwa wachache walioweka dhamana maalumu. Baada ya hapo malipo hayatakiwi kuitangulia thamani ya kazi iliyofanyika na vifaa vilivyoletwa. Kikomo hicho cha mwanzoni kingembana mno fundi wa Buguruni, ambaye hana duka la kumkopesha vifaa. Sehemu ya pili ya sheria hiyo, kwamba hela isiitangulie kazi, inatufaa sisi moja kwa moja.

Vifaa: nani anunue?

Jibu linalotolewa haraka ni "nunua mwenyewe." Ni zuri, ila lina mitego yake. Mwenye nyumba asiyejua tofauti ya bomba la maji ya moto na la maji baridi atarudi na kitu kisichofaa, na fundi atapata sababu ya kukaa siku mbili bila kazi, akikudai posho. Pia fundi wengi wana cha juu wanachopewa na duka wanalolipelekea wateja. Ukinunua mwenyewe kimya kimya, umemkata kipato alichokuwa anakitegemea alipokutajia bei ya ufundi. Atakirudisha kwa njia nyingine, pengine kwa kusema simenti haikutosha wakati mifuko miwili imeuzwa nyumba ya pili.

Bora mambo yawe wazi. Mwambie mapema kwamba hela ya vifaa itatoka kwako kwenda dukani moja kwa moja, kwamba atakwenda na wewe kuchagua, na kwamba siku hiyo ya kwenda dukani atalipwa kama siku ya kazi. Dai risiti ya mashine, yenye jina lako. Vifaa vishuke nyumbani kwako, uhesabu mifuko mwenyewe. Duka likikwambia "lipia tu yote, utakuwa unachukua kidogo kidogo," jua hiyo nayo ni advansi, ila sasa umempa mwenye duka.

Kuna vitu ambavyo kwa kweli vinadai hela nyingi mwanzoni, na si ujanja wa fundi. Marumaru ni mfano mzuri. Zinunuliwe zote kwa mara moja, na za ziada kama asilimia 10 kwa ajili ya kukatwa na kuvunjika, kwa sababu shehena ijayo ya aina ileile inaweza kuja na rangi iliyopishana kidogo, na tofauti hiyo utaiona kila asubuhi ukipiga mswaki. Madirisha ya alumini na makabati ya jikoni ni mfano mwingine. Vinakatwa kwa vipimo vya nyumba yako, na ukighairi, fundi hana pa kuvipeleka. Huyo ana haki ya kuomba zaidi ya nusu. Wewe nenda karakana kwake, uone kama ipo na inafanya kazi, na mkubaliane kwamba sehemu ya malipo itatoka siku utakapoonyeshwa alumini au mbao zako zimefika, kabla hazijakatwa.

Hatua ipimwe kabla ya kulipwa

Malipo kwa hatua yanaharibika pale hatua inapotajwa kwa siku. "Nitakupa laki tatu Ijumaa" si hatua, maana Ijumaa itafika hata bomba lisipoguswa. "Nusu ya kazi" pia si hatua, maana mtabishana nusu ni ipi. Hatua nzuri ni kitu kinachoweza kujaribiwa na mtu asiye fundi.

Bomba zijaribiwe zikiwa bado wazi ukutani. Fundi mzuri ana pampu ndogo ya mkono yenye geji. Anaziba matundu yote kwa plagi, anapampu, na mshale wa geji unatakiwa ubaki palepale kwa saa kadhaa. Kama hana pampu, basi angalau maji ya tenki yafunguliwe yakae kwenye bomba usiku kucha na asubuhi mpitie kila kiungo kwa kipande cha karatasi ya chooni, ambayo itaonyesha hata unyevu ambao jicho halioni. Ukilipa hatua hii baada ya marumaru kufunika, umelipia kitu ambacho hutakiona tena mpaka siku kitakapovuja.

Sakafu inajaribiwa kwa maji. Ziba tundu la kutolea maji, jaza mpaka kina cha vidole viwili, piga mstari wa penseli ukutani pale maji yalipoishia, ondoka. Baada ya saa 24 rudi uangalie mstari. Kama maji yameshuka kwa dhahiri, au kama dari ya chumba cha chini limepata doa, zile laki tatu zinabaki kwako hadi kazi irudiwe. Fundi anayejiamini hatakasirika. Wengine ndio wataifanya wenyewe kabla hujasema.

Marumaru zigonge moja moja kwa sarafu au mpini wa bisibisi. Iliyoshika vizuri inatoa mlio mzito, iliyowekwa gundi kidogo katikati tu inalia utupu, na hiyo pembe zake zitavunjika siku ndoo itakapoanguka. Kisha mwaga maji ndoo moja na utazame yanaelekea wapi. Yakituama kwenye kona, mteremko umekosewa, na hakuna namna ya kuurekebisha isipokuwa kubandua. Ni bora ugomvi huo ufanyike wakati bado una 800,000 mfukoni kuliko baada ya kuzitoa.

Baki la mwisho ndilo ambalo wateja huliachia kwa huruma. Kazi imekwisha kwa asilimia 95, fundi anasema ana msiba, unampa zote, na ile mifuniko ya swichi, ile silikoni ya pembeni mwa sinki na ule mlango unaokwama havitamaliziwa kamwe. Kwenye miradi mikubwa hili linajulikana, ndiyo maana mwajiri, yaani mwenye mradi, huzuia sehemu ya kila malipo, kwa kawaida asilimia 5 au 10, hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kungoja kuona kasoro, kiishe. Miradi hiyo hutoa malipo ya awali pia, ila mkandarasi hapewi mpaka alete dhamana ya benki au ya bima ya kiasi kilekile, na hela hiyo hukatwa pole pole kwenye hati zake za malipo zinazofuata. Fundi wa mtaani hana benki itakayomdhamini. Udogo wa kile unachotanguliza, na vifaa vilivyo ndani ya geti lako, ndivyo vinavyoshika nafasi ya dhamana hiyo.

Na akija katikati ya hatua na shida ya kweli, mtoto kalazwa au ada imefika? Atakuja, kwa sababu ni binadamu na maisha hayasubiri hatua iishe. Ukiweza, msaidie. Mpe kama mkopo au kama msaada, useme ni kipi kati ya hivyo, na uandike. Usiite malipo ya hatua ambayo haijafika, maana hapo ndipo hesabu ya nyumba nzima inapovurugika bila yeyote kukusudia ubaya.

Karatasi na sheria

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haitaki kila mkataba uandikwe. Makubaliano ya mdomo kati yako na fundi ni mkataba kamili. Tatizo ni kuuthibitisha. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, kazi gani kwa vyumba gani, vifaa vya aina gani, bei, hatua na kiasi cha kila hatua, siku ya kuanza na ya kumaliza, na nini kitatokea fundi akiacha kazi au wewe ukighairi. Weka na shahidi kila upande. Wengi huupeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri, na hilo lina faida yake, kwa sababu fundi anajua sasa kuna mtu wa tatu anayemfahamu.

Andika wazi pia kiasi cha kuanzia ni cha aina gani. Katika sheria ya mikataba tuliyoirithi kutoka Uingereza, kishika uchumba kinachotolewa kuonyesha nia kinaweza kupotea mtoaji akighairi mwenyewe, wakati malipo ya awali ni sehemu ya bei na hudaiwa yarudishwe kazi isipofanyika. Sentensi moja, "hii ni sehemu ya malipo ya kazi na itarudishwa kwa kiasi ambacho hakijafanyiwa kazi," inaondoa ubishi huo.

Lipa kwa simu au benki, na kabla ya kubonyeza namba ya siri hakikisha jina linalotokea ni lile la kwenye kitambulisho. Fundi anayekupa namba ya "shemeji yangu" amekuanzishia kesi ngumu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu na kumbukumbu za kielektroniki kutumika kama ushahidi, kwa hiyo yale mazungumzo ya WhatsApp ambamo anaandika "nimepokea bosi, Jumatatu tunaanza" usiyafute.

Anayejitambulisha kama kampuni, mtafute kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja, kutoka la 1 lililo juu hadi la 7. Fundi umeme aulizwe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kwa Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, inasajili makandarasi kuanzia NCA 1 hadi NCA 8 na inawatambua hata mafundi mmoja mmoja. Kusajiliwa hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini kunakupa mahali pa kumlalamikia.

Anayefanyiwa ukarabati akiwa mbali ana mtihani zaidi. Mtu yuko Muscat, Oman, nyumba ya mama iko Wete, Pemba, na hela inapitia kwa mdogo wake. Hapo kosa kubwa ni kumpa mtu mmoja kazi ya kununua, kukagua na kulipa, hata awe ndugu wa damu. Si kwamba ndugu ni mwizi. Ni kwamba akikosea hesabu ataona haya kusema, na ataziba kwa hela ya hatua inayofuata. Mmoja anunue, mwingine akague, na malipo yatoke kwa mwenye nyumba mwenyewe kwenda kwa fundi. Omba video mfululizo, inayoanzia getini na kuingia hadi ndani huku maji yakifunguliwa, maana picha moja ya ukuta inaweza kuwa ya ukuta wowote.

Fundi akiacha kazi

Watu hukimbilia polisi, na mara nyingi wanarudi wamekasirika kwa kuambiwa "hili ni la madai." Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, lakini lazima ionekane kuwa alikudanganya ili umpe. Kitambulisho cha bandia, au kampuni isiyokuwepo, hayo ni ya polisi. Fundi aliyeanza, akafanya siku nane, kisha akazidiwa, amevunja mkataba, na hilo ni la mahakama. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinakupa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko, pamoja na gharama ya ziada ya fundi wa pili. Kama mliandika faini ya kila siku ya kuchelewa, kifungu cha 74 kinaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6. Wakenya wana Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai hadi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Kabla ya mahakama, na hasa kabla ya kumwingiza fundi mwingine, ushahidi uhifadhiwe. Mtumie wa kwanza ujumbe wa maandishi wenye siku ya mwisho ya kurudi kazini, tuseme siku 7. Zikipita, piga picha kila kona, hesabu vifaa vilivyobaki mbele ya shahidi, kisha mwite fundi wa tatu asiye na nia ya kuichukua kazi hiyo, au mkadiriaji majenzi kama kiasi ni kikubwa, aandike kilichofanyika kina thamani gani na kumalizia kutagharimu kiasi gani. Kila anayekanyaga saiti baada ya hapo anafuta alama za aliyetangulia, na mbele ya hakimu fundi wa kwanza atasema kazi ile mbovu si yake. Ukishakuwa na karatasi hiyo, endelea na ujenzi bila kungoja hukumu, kwa sababu sheria nayo inatarajia ufanye uwezavyo kuizuia hasara isikue, na bafu lililoachwa wazi mvua nzima kwa ajili ya kumkomoa mtu litapunguza kile utakacholipwa.